Kadi za wachezaji: umfuate nani, na kwa nini uhesabu kadi zake kwanza

Malalamiko ya wakusanyaji wa Arusha na Moshi yanafanana. Mtu ameanza na Mbappé wa soka au Wembanyama wa kikapu, ameagiza kadi za kukusanya zenye picha ya mchezaji kutoka Marekani mwaka mzima, boksi la viatu limejaa, na ukimuuliza amebakiza ngapi hana jibu. Hawezi kuwa nalo. Kila akipata moja zinatoka nyingine zenye picha ileile na pozi lileile, zimebadilishwa rangi ya ukingo tu, na kila rangi ina bei yake.

Ndiyo maana hapa sipangi wachezaji kwa mabao wala kwa pete za ubingwa. Hayo kila kijiwe cha kahawa kina wataalamu wake. Nawapanga kwa kipimo ambacho karibu wanunuzi wote wanakiruka: urefu wa orodha ya kadi za mchezaji, na kama orodha hiyo imefungwa au bado inarefuka.

Chukua kadi ya Prizm, bidhaa ya Panini, kampuni ya kuchapa kadi na stika. Kuna ile ya kawaida. Kisha kuna ya fedha inayong'aa ukiigeuza kwenye mwanga, halafu nyekundu, bluu, kijani, zambarau, dhahabu. Baadhi zina namba, tuseme 45/99, maana yake zilichapwa 99 na hiyo ni ya 45, hadi kufikia ile yenye 1/1. Prizm ya mpira wa kikapu ilipoanza msimu wa 2012-13 rangi zilikuwa chache. Baadaye zikawa makumi kwa kila mchezaji, na Prizm ilikuwa bidhaa moja tu kati ya nyingi za msimu mmoja. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kadi hii ni moja tu duniani, muulize ni moja ya rangi gani, ya bidhaa gani. Mchezaji mmoja anaweza kuwa na "moja tu duniani" nyingi kwa mwaka uleule.

Kuhesabu ni kazi ya nusu saa. Ingia kwenye tovuti ya Trading Card Database, andika jina la mchezaji, utaziona kadi zake mwaka kwa mwaka. Andika daftarini mambo matatu: jumla ya kadi, za msimu wa kwanza ni ngapi, na mwaka wa mwisho alipochapwa. Kisha toa za 1/1 na zote zilizochapwa chini ya kumi, maana hizo hazipatikani kwa kupanga, zinatokea sokoni siku zikitokea. Kinachobaki ndicho unachokwenda kununua. Kwa maoni yangu kikivuka 500, huyo si mchezaji wa kumkusanya kwa kipato cha kawaida cha huku. Mnunulie kadi moja nzuri, iweke kabatini, tafuta mwingine.

Wa kwanza: Hasheem Thabeet

Naweka jina hili juu bila kusita. Thabeet ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kwenye drafti ya 2009, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Alipita Houston na Portland, akamalizia Oklahoma City msimu wa 2013-14. Hakuna anayerudia kumchapa kwenye seti za magwiji. Orodha yake imefungwa, na sehemu kubwa ya kadi zake ni za msimu mmoja, 2009-10.

Msimu huo ni mtamu kwa mkusanyaji. Panini ndiyo ilikuwa inaanza kuchukua haki zote za kuchapa kadi za NBA, lakini kampuni za Topps na Upper Deck nazo zilitoa kadi za wachezaji wapya kwa mara ya mwisho kabla ya kufungiwa mlango. Topps ilikuja kurudi NBA msimu wa 2025-26. Kwenye Topps Chrome ya 2009-10, seti yao ya kadi zinazong'aa, kadi za wachezaji wapya zilipigwa namba hadi 999, na Curry yumo kwenye kundi hilohilo. Maana yake ni kwamba Chrome ya kawaida ya Thabeet ni adimu sawasawa na ya Curry. Karatasi moja, kiwanda kimoja, idadi moja. Kinachotofautiana ni bei, na inatofautiana vibaya sana kwa faida yako.

Mimi ni wa Topps, sifichi. Karatasi yao inashika rangi, jina la mchezaji halizibi picha, na Chrome yao ni mama wa kadi nyingi zinazong'aa. Kwa Thabeet ningefuata mpangilio huu: Topps ya kawaida, Topps Chrome, Upper Deck, ndipo uingie Panini kutafuta zenye sahihi na vipande vya jezi. Hizo za Panini zina mambo mawili ya kukagua. Sahihi nyingi hazikuwekwa juu ya kadi yenyewe; mchezaji alisaini vibandiko vya plastiki angavu, kampuni ikavibandika baadaye. Ukiielekeza kadi kwenye dirisha utaona ukingo wa kibandiko. Si bandia, ila isiuzwe kwa bei ya sahihi iliyoandikwa moja kwa moja. La pili ni jezi. Wachezaji wapya huvalishwa jezi kwa ajili ya kupiga picha, kisha jezi hizo ndizo zinazokatwa vipande. Geuza kadi usome maandishi madogo ya nyuma: kuvaliwa na mchezaji ni kitu kimoja, kuvaliwa uwanjani kwenye mechi ni kingine kabisa.

Kadi za Chrome zina tabia ya kujikunja, na hili kwa hali ya hewa yetu ni la kuangaliwa. Uso wake ni utando wa plastiki, mgongo wake ni karatasi. Karatasi inanyonya unyevu na kuuachia, plastiki haibadiliki, basi kadi inapinda kama upinde. Toka ukavu na vumbi la Januari uingie masika ya Machi, upindaji unaonekana kwa macho. Muuzaji anayepiga picha kutoka juu anauficha bila hata kujua. Omba picha ya ubavuni, kadi imelala juu ya kioo. Ikifika, ivalishe mfuko laini, kisha kava gumu la plastiki, halafu zisimamishe zikiwa zimebanana kwenye boksi, mbali na ukuta wa saruji na mbali na dari ya bati. Usiipige pasi, hata kwa kitambaa juu. Utando unaachana na karatasi na hapo imekufa.

Wa pili: Hakeem Olajuwon

Mnigeria, chaguo la kwanza la drafti ya 1984, bingwa na Houston 1994 na 1995. Kadi yake kuu ni ya kampuni ya Fleer, ya 1986-87, namba 82, kwenye seti ya kadi 132 yenye Michael Jordan namba 57. Jina limeandikwa Akeem, kama lilivyoandikwa wakati huo. Wasiojua huliita kosa la uchapaji na kulipandishia bei.

Kosa lake kwenye kipimo changu ni kwamba amestaafu lakini orodha haijafungwa. Kampuni bado zinamchapa kama gwiji, na sahihi mpya zinatoka. Dawa ni kuifunga mwenyewe: nunua za miaka aliyocheza tu, 1984 hadi 2002, na usiguse chochote cha baadaye hata kikiwa na sahihi. Bila sheria hiyo Olajuwon anakuwa Mbappé mwingine.

Fleer ya mwaka huo imeghushiwa sana, hasa ya Jordan, lakini kanuni ya ukaguzi ni ileile kwa zote. Hapa Arusha tuna bahati: lenzi ya mara 10 ya kukagulia tanzanaiti ipo kwa kila dalali wa vito. Iazime. Picha kwenye kadi halisi imetengenezwa kwa vinukta vidogo vya rangi vilivyopangika. Maandishi meusi na mistari yake ni wino mzito usio na vinukta. Ukiona hata herufi nyeusi zimejengwa kwa vinukta vya rangi mbalimbali, mtu ameskani kadi na kuichapa upya. Kisha angalia ukingo: bluu na nyekundu za Fleer hiyo humomonyoka kirahisi na kuacha vidoa vyeupe kwenye kona. Vidoa vinashusha thamani, lakini kadi ya 1986 yenye kona kali zote nne inayouzwa kwa bei ya kuokota haifai kuaminiwa.

Wa tatu: Didier Drogba, lakini kwa stika

Kadi zake ni nyingi na Topps bado inaongeza nyingine kwenye seti za magwiji. Stika ni habari nyingine. Panini imetoa albamu za Kombe la Dunia tangu 1970, na Drogba alicheza 2006, 2010 na 2014. Ongeza stika za ligi ya Ufaransa za enzi za Guingamp na Marseille, ukitaka na za Chelsea, na una mradi wenye mwisho. Sharti ni moja: karatasi ya nyuma iwe haijabanduliwa. Iliyobandikwa kwenye albamu na kung'olewa ni ya kumpa mtoto. George Weah, anayeulizwa sana, hakuwahi kucheza Kombe la Dunia, kwa hiyo usimtafute huko.

Wa nne: Mbwana Samatta

Moyo unamtaka juu zaidi. Aliwafunga Liverpool Anfield akiwa na Genk Novemba 2019, na Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Pa kuanzia ni stika za Panini za ligi ya Ubelgiji, miaka yake ya Genk. Orodha ni fupi kweli. Tatizo ni kwamba zinauzwa Ulaya moja moja, au na watu wanaouza albamu nzima, na gharama ya kusafirisha stika moja inaizidi stika yenyewe mara nyingi. Mpate muuzaji mmoja mwenye miaka kadhaa, nunua kwa mkupuo.

Wa mwisho: Yamal, Mbappé, Wembanyama

Ukishindwa kujizuia, jiwekee mkataba: bidhaa moja kwa mwaka, kadi ya kawaida, rangi moja. Kwa Lamine Yamal ningechukua Topps Chrome ya mashindano ya Ulaya ya 2023-24 yenye alama ya RC (kadi ya msimu wa kwanza), nikaishia hapo. Kadi ya kwanza ya Messi, ya seti ya Megacracks ya 2004-05, namba 71, usiinunue nje ya kasha la PSA au kampuni nyingine ya upimaji, yaani inayokagua hali na uhalisi wa kadi kisha kuifungia kwenye kasha, na namba ya kasha uihakiki kwenye tovuti ya kampuni hiyo, maana makasha nayo yanaghushiwa.

Wa bei ya chini kabisa ni Dikembe Mutombo wa 1991-92. Zilichapwa kwa wingi wa kutisha. Zinafaa kujifunzia kushika kadi.

Wanaouliza Filbert Bayi na Alphonce Simbu nawaelewa. Bayi ni wa Karatu, na rekodi yake ya mita 1500 ya 1974, dakika 3:32.2, ilistahili kadi ya dhahabu. Kampuni kubwa hazina seti ya riadha ya kila mwaka kama ya mpira. Nyingi za "kadi za Bayi" utakazoonyeshwa mtandaoni ni za kujichapia. Tafuta picha iliyosainiwa.

Sasa wauzaji. Nimechoka na "bei njoo inbox". Kadi ina picha, ina jina, ina hali yake. Bei inashindikana vipi kuandikwa hadharani? Inashindikana kwa sababu inategemea unavyoonekana kwenye picha yako ya wasifu. Ukifika huko inbox, wanakutumia bei ya mtu aliyetangaza eBay, kana kwamba kutangaza ni kuuza. Kwenye eBay chuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, angalia mauzo kadhaa ya karibuni ya kadi hiyohiyo, rangi hiyohiyo, hali hiyohiyo. Hiyo ndiyo bei ya kujadiliana. Na zile pakiti zinazoning'inia kwenye maduka ya vifaa vya shule, zenye "dhahabu" kila pakiti, ni makaratasi. Nyuma hazina mstari wa hakimiliki wala jina la mtengenezaji linaloeleweka, na karatasi inapinda kama bahasha. Zimewachukulia watoto hela zao za matumizi kwa miaka, na hakuna duka linaloona aibu.

Ukiagiza nje, kusanya kadi nyingi kwa wakala mmoja wa Marekani au Uingereza, zije kwa kifurushi kimoja. Kodi ya VAT ni asilimia 18, na inapigwa juu ya thamani ikijumlishwa na usafiri na bima na ushuru, kwa hiyo usafiri wa bei mbaya unakuumiza mara mbili. Mwambie muuzaji aandike thamani halisi na aweke ankara ndani. Kifurushi kilichoandikwa zawadi halafu kikakutwa na kadi za makasha ya PSA kinakwama. Anwani iwe ya S.L.P. pamoja na namba ya simu, vinginevyo kitalala Posta ya mnara wa saa bila mtu kukupigia. Mwombe pia asibandike gundi ya selotepu moja kwa moja kwenye mdomo wa kava gumu. Aache ncha ya selotepu imekunjwa, ili uivute bila kisu.