Sabufa yangu: sauti safi, vitufe vya kutesa

Sabufa hii ya spika tatu niliinunua Kariakoo, na sasa naijua vya kutosha kuiandikia. Jina la kampuni naliacha, maana kasoro nitakazozitaja nimezikuta pia kwa ndugu na majirani wenye sabufa za majina mengine. Sauti yake sina ugomvi nayo. Besi ni nzito na haikwaruzi, na taarifa ya habari unaisikia neno kwa neno. Shughuli ipo kwenye kuitumia.

Uso wake ni plastiki nyeusi inayong'aa, vitufe navyo vyeusi, na maandishi ya kijivu madogo kama sisimizi. Mchana dirisha likiwa wazi mng'ao unayaficha, usiku giza linayameza. Vitufe vyote vina umbo moja na ukubwa mmoja, vimepangwa mstari mmoja. Mama yangu akitaka redio, anapapasa, anabonyeza cha kubadilisha kwenda Bluetooth badala ya kuongeza sauti, redio inakatika, kisha ananiita: "Mwanangu, njoo, limenyamaza tena." Mtu mzima aliyeendesha redio maisha yake yote! Redio za zamani zilikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha kwa ajili ya sauti na kingine cha kutafuta stesheni, na mkono ulivitofautisha hata gizani.

Nafasi ya kuandika vizuri ipo, ila imetumika kwa jambo jingine. Mbele kabisa, kwa herufi kubwa za dhahabu, imeandikwa wati 8,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kutoka kwa kufumba na kufumbua. Geuza nyuma usome kibandiko: wati 60. Hiyo PMPO haina kipimo rasmi kinachokubalika. Kila kiwanda kinajihesabia kinavyotaka. Na plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, kwenye umeme wa volti 230, mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Kwa hiyo tarakimu isiyonisaidia chochote inasomeka kutoka mlangoni, na neno REDIO nalitafuta kwa tochi ya simu.

Halafu taa. Taa ndogo za bluu zenye mwanga mkali zilipatikana miaka ya 1990 kwa kazi kubwa ya Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kabla ya hapo vifaa vingi vilikuwa na kitaa kidogo chekundu au kijani. Uvumbuzi huo umetupa balbu zinazokula umeme kidogo, na nawaheshimu sana. Lakini sabufa yangu imezungushiwa bluu inayocheza kufuata mdundo, na hata ukiizima kwa rimoti inabaki imekodoa jicho moja sebuleni usiku kucha. Hakuna kitufe cha kuizima taa hiyo. Nimeibandika tepu nyeusi ya mafundi umeme.

Kinachonikera kuliko vyote ni umeme ukikatika na kurudi. Sabufa haikumbuki kitu. Inajiwasha yenyewe, inarudi kwenye Bluetooth na sauti ya juu, kisha mwanamke anatangaza kwa Kiingereza kwamba iko tayari kuunganishwa. Saa tisa usiku! Mtoto anaamka, na jirani wa ukuta wa pili naye anaamka. Aliyeitengeneza hakufikiria kabisa nyumba ambayo umeme unakatika.

Rimoti nayo: besi na trebo hazirekebishiki bila hiyo. Ikipotea au betri zikiisha, utasikiliza ulivyoiacha. Na maandishi yake yameanza kufutika, yakianzia kwenye kitufe cha sauti, kinachobonyezwa zaidi.

Sehemu moja wamepatia: matundu ya nyuma, nyekundu kulia na nyeupe kushoto. Mama aliwahi kurudisha waya mwenyewe baada ya kufagia, bila kuuliza mtu.

Naipa nyota tatu kati ya tano, kwa ajili ya sauti. Ukienda dukani usiishie kusikiliza besi. Simama mbali uone kama unasoma vitufe, iendeshe bila rimoti, halafu mwambie muuzaji azime swichi ya ukutani na kuiwasha tena, uone inarudi na sauti ya ngapi.