Jumamosi nne katika darasa la ushairi, Dodoma

Kwa Jumamosi nne mfululizo nimehudhuria darasa la uhakiki wa ushairi linaloendeshwa katika chumba cha kupanga karibu na soko la Majengo, jijini Dodoma, kwa ada ya shilingi 5,000 kila kipindi. Wengi wa wanaohudhuria ni wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Mimi nilikwenda kwa sababu mpwa wangu aliniomba nimsaidie kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo (mstari wa shairi), nami nikaona aibu kukiri kwamba nimesahau.

Hapo kwenye mizani ndipo mwalimu anapostahili ada yake yote. Aliandika ubaoni mshororo mmoja, "Mvua imetuchelea, mtama umekauka", akatutaka tuupigie makofi, kofi moja kwa kila silabi. Nusu ya darasa, nikiwemo, tulipata makofi 9 katika ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) na 7 katika utao (kipande cha pili). Alitueleza kwamba "m" ya mtama hutamkwa peke yake, kwa hiyo ni silabi kamili na neno lina mizani 3, ilhali "m" ya mvua huungana na sauti inayoifuata, na neno zima likawa na mizani 2 tu. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume katika maneno yote mawili, na anayehesabu jumla ya mshororo asingegundua lolote, maana makosa hayo yalifichana na 16 ikabaki 16. Tangu siku hiyo napiga makofi kila kipande peke yake.

Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, alivipitia haraka, wala sikumlaumu. Kina ni silabi nzima, si irabu ya mwisho tu. Kwa hiyo "kauka" inapatana na "pukutika", lakini haipatani na "vuruga".

Kipindi cha nne, cha takriri, ndicho kilichonivunja moyo. Tuliorodhesha marudio ya sauti, ya neno na ya mshororo, kisha tukaandikishwa kwamba lengo la takriri ni kutia mkazo, basi. Nikauliza: ikiwa mshororo uleule wa mtama ndio kibwagizo, yaani unarudiwa mwishoni mwa kila ubeti, je, maana yake haibadiliki? Katika ubeti wa kwanza ni taarifa ya msimu, lakini ukirudi baada ya ubeti unaotaja vijana waliohama kijiji, unakuwa sababu ya nyumba kubaki tupu, ingawa hakuna hata neno moja lililobadilishwa. Nilijibiwa kwamba mtihani hauulizi hayo. Mtu aliyetufundisha kusikia tofauti ya "m" mbili asingepaswa kuridhika na jibu hilo.

Mabenchi ni machache, hivyo fika kabla ya saa tatu asubuhi. Mpwa wangu nimemlipia vipindi vitatu vya mwanzo; cha nne tutakifanya nyumbani, kwa mshororo uleule.