Msitu wa Karura kwa mpenda miti: uzoefu wangu

Wengi huja Karura kukimbia, kuendesha baiskeli au kuona maporomoko. Mimi hufuata miti, na kwa hilo sijapata mahali Nairobi panaponiridhisha hivi. Ni zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, na ndani yake mna misitu miwili isiyofanana hata kidogo.

Upo ule uliopandwa: mikaratusi na araukaria za Australia, saipresi za Meksiko, zote kwa safu, ndefu, zimenyooka. Picha zinatoka vizuri. Lakini tazama chini ya mikaratusi: majani makavu, gome lililobanduka, basi. Miti hii ililetwa nchini enzi za mkoloni, ikatoa kuni za injini za reli, na maji inayokunywa si haba.

Kisha shika njia inayoingia msitu wa asili. Hapo kuna mukinduri, muhugu, mutamaiyu, muthiga, na vichaka vimesongamana chini yake. Simama chini ya mukinduri upepo ukivuma: jani ni kijani juu na rangi ya fedha upande wa chini, kwa hiyo mti mzima unameremeta. Muthiga una ukali wa pilipili. Wazee hutafuna gome lake jino likiuma. Muhugu nao umewindwa sana na wachonga vinyago, ndiyo maana nikikuta mkubwa uliosimama nafurahi kweli.

Kero ni lantana, iliyotoka Amerika. Maua yake yanavutia, ila ndege wakila matunda husambaza mbegu, na kichaka kikishika mahali miche ya asili hainyanyuki. Kuna wageni wanaonung'unika wakiona mikaratusi ikikatwa. Mimi naunga mkono ukataji huo kabisa, maadamu miti ya kienyeji inapandwa palepale. Na tusisahau, bila Wangari Maathai na wenzake waliopigwa hapa Januari 1999 wakipinga msitu kugeuzwa majengo, tungekuwa tunazungumzia majumba.

Nyota tano. Njoo asubuhi siku ya kazi, na viatu visivyoteleza, kwani udongo mwekundu ukinyeshewa hauna huruma. Ukiweza, tembea na mtu anayejua miti kwa majina ya Kikuyu. Utaona mara mbili ya unavyoona peke yako. Usichume wala kubandua gome.