Uzoefu wangu na rezini ya kunatisha katika gundi ya maji

Kazi yetu hapa Kampala ni kuchapa lebo na kuzipaka gundi kwa ajili ya wazalishaji wadogo wa sabuni ya maji, mafuta ya kula na mtindi, na kwa muda mrefu kilichotusumbua zaidi ni jerikeni. Gundi ya maji ya akriliki, yaani plastiki laini inayonata iliyotawanywa ndani ya maji, hushika vizuri karatasi, glasi na chuma, lakini poliethilini ya jerikeni ni plastiki ambayo gundi nyingi hushindwa kuikamata, na lebo zilikuwa zikianza kuinuka pembeni kabla mzigo haujafika dukani. Kurudi kwenye gundi za tolueni, zile zinazoyeyushwa kwa kemikali hiyo badala ya maji, sikutaka, kwa kuwa mvuke wake huwaumiza vichwa vijana ninaofanya nao kazi na unaweza kuwaka moto kwa urahisi. Ndipo nikanunua rezini itokanayo na utomvu wa misonobari, ya kuchanganya na gundi yetu ya maji ili inate zaidi. Huuzwa ikiwa kimiminika cheupe kama maziwa, chembe zake zikiwa zimetawanywa ndani ya maji, na kwa aina niliyochukua asilimia 55 ya uzito ni rezini yenyewe.

Ajabu ni kwamba rezini hii peke yake hainati. Tone nililolipaka juu ya kioo na kuliacha likauke liligeuka utando mkavu unaong'aa, ukapasuka vipande nilipoubonyeza kwa ukucha, kwa maana hulainika tu inapofika joto la nyuzi 85 hivi za Selsiasi. Uwezo wake huonekana inapochanganywa na akriliki: molekuli zake ndogo hupenya katikati ya minyororo mirefu ya akriliki na kuilegeza, hivyo gundi hutandaa upesi juu ya plastiki lebo inapobonyezwa kwa kidole, ilhali mtu akiivuta lebo kwa ghafla, mchanganyiko huohuo hukakamaa na kukataa kuachia.

Uwiano uliotufaa ni sehemu 70 za akriliki kwa 30 za rezini, zote zikihesabiwa kwa uzito mkavu. Nasisitiza neno mkavu, kwa sababu kilo 10 za kimiminika hiki zina kilo 5.5 tu za rezini, na anayepima ndoo kwa ndoo bila kujua kiasi cha maji kilichomo katika akriliki na katika rezini hawezi kupata matokeo yaleyale mara mbili. Baada ya kuiacha lebo ishike kwa saa 24, tuliivuta kutoka kwenye jerikeni na karatasi ikachanika kabla gundi haijaachia. Nilifurahi sana kuona hivyo.

Hata hivyo, kunata na kuhimili uzito ni mambo mawili. Ukanda wenye rezini, ukiwa umebandikwa wima na kuning'inizwa uzito wa kilo moja, huteleza mapema kuliko ule usio na rezini, na kadiri rezini inavyozidi ndivyo unavyowahi kuanguka. Kwa lebo hilo halina madhara. Kwa mkanda wa kufungia maboksi mazito nisingethubutu.

Vikombe vya mtindi vilihitaji uangalifu zaidi, kwani rezini ikizidi gundi huwa ngumu ndani ya friji na lebo hubanduka. Isitoshe, sabuni inayotumika kuzuia chembe zisigandamane hubaki ndani ya gundi iliyokauka na kuvuta unyevu, kwa hiyo lebo angavu, zile zinazoonyesha kilicho nyuma yake, hupata weupe zikilowa. Kwa vikombe hivyo sasa natumia rezini inayolainika kwenye joto la chini, tena kwa kiasi kidogo. Lebo zinazokaa juani nazo zina shida yake: rezini ya misonobari isiyotiwa haidrojeni kiwandani ili kuikinga na hewa huungana na oksijeni ya hewani, ikawa ya manjano na kupoteza mnato.

Wakati wa kuchanganya, rezini imiminwe polepole huku ikikorogwa taratibu ili povu lisijae, kisha ichujwe kwa kitambaa chepesi. Miezi ya mvua tunaongeza muda wa kukausha, maana maji yakibaki chini ya karatasi kazi yote huharibika.

Kwa ubora, ningemshauri kila mchapaji wa lebo za plastiki ainunue. Upungufu umo katika uuzaji: pipa langu lilikuja bila karatasi ya maelezo na bila tarehe ya kutengenezwa, na muuzaji hakutaka kunigawia kiasi kidogo cha kujaribia. Wauzaji wakianza kuipima kwa jerikeni za lita 20, zikiwa na kiwango cha rezini na joto la kulainika vilivyoandikwa ubavuni, karakana nyingi za hapa zitaweza kuachana na tolueni.