Uzoefu wangu na spektromita ya infraredi katika kufuatilia umbo la DNA

Nimekuwa nikitumia spektromita ya infraredi ya mezani, yaani mashine inayopima mwanga wa infraredi unaofyonzwa na sampuli, inayofanya kazi kwa ubadilishaji wa Fourier (hesabu inayogeuza ishara kuwa grafu ya vilele) na yenye kiambatisho cha almasi, kwa kazi moja: kufuatilia jinsi msokoto pacha wa DNA unavyobadilika kutoka umbo B (la DNA yenye maji ya kutosha) kwenda umbo A (la DNA iliyokauka kiasi), na mara chache kwenda umbo Z (linalojisokota kwenda kushoto). Anayetaka kujua kama mashine hii inafaa kutambua plastiki au mafuta hatapata jibu hapa, ingawa wauzaji huanza kuisifia kwa mambo hayo. Kwa kazi yangu, mashine yenyewe imezidi matarajio, lakini chemba ya unyevuanga, yaani kisanduku cha kudhibiti unyevu wa hewa inayoizunguka sampuli, iliyouzwa pamoja nayo haikufikia kiwango hicho.

Sifa yake kubwa ni kwamba mabadiliko huonekana yakitokea. Tone dogo la mmumunyo wa DNA ya tezi ya thimasi ya ndama, yaani chumvi yake ya sodiamu, likiwekwa juu ya almasi na kuachwa likauke, kilele kipana cha maji (kilele ni mahali ambapo mwanga hufyonzwa zaidi) kilicho karibu na 1645 sm⁻¹ (idadi ya mawimbi katika sentimita moja, kipimo cha vilele vyote hapa) hushuka taratibu, na vilele vya besi, yaani herufi za DNA, vilivyokuwa vimefunikwa hujitokeza. Kilele cha fosfati, sehemu ya uti wa mgongo wa DNA, ambacho katika umbo B hukaa karibu na 1225, husogea kuelekea 1240. Wakati huohuo kilele kidogo cha 835 hivi hufifia, na vingine viwili huota karibu na 860 na 805. Hivi viwili ndivyo ninavyoviamini zaidi. Kilele cha fosfati kinaweza kusogea kwa sababu tu molekuli za maji zimeiacha fosfati, ilhali 860 na 805 hueleza kwamba pete ya sukari yenyewe imebadili mkunjo, kaboni yake ya 3 ikiinuka badala ya ile ya 2. Badiliko hilo ndilo linaloambatana na msokoto kufupika na kunenepa, ukawa na takriban jozi 11 za besi kwa kila mzunguko badala ya jozi 10.5 hivi za umbo B.

Wanasayansi Rosalind Franklin na Raymond Gosling walitenganisha maumbo hayo mawili kwa eksirei mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa kudhibiti unyevuanga uliozizunguka nyuzi za DNA: karibu asilimia 75 kwa umbo A, na zaidi ya asilimia 90 kwa umbo B. Infraredi haimpi mtu picha ya atomu zilipo kama eksirei inavyofanya. Faida yake ni wepesi, na sampuli ikishakauka inaweza kuloweshwa upya hapohapo ili kuona kama vilele vitarudi vilikotoka.

Kwa kuwa unyevuanga ndio unaoamua kila kitu, kasoro ya chemba ilinikera sana. Kipima unyevuanga kimefungwa kwenye tundu la kuingizia hewa, mbali na utando wa DNA (lile tone likishakauka), kwa hiyo kioo cha namba hueleza hali ya hewa inayoingia, si ya hewa inayougusa utando. Namba ikisoma 75, vilele bado vinatembea. Nilipoacha mfumo wa pampu na kuweka ndani ya chemba kikombe kidogo cha mmumunyo wa chumvi uliokolea kabisa, mambo yalitulia. Chumvi ya kawaida huushikilia unyevuanga karibu na asilimia 75 katika nyuzi joto 25, na kloridi ya potasiamu karibu na 84. Ni aibu kidogo kwa chemba ya kisasa kushindwa na kikombe cha chumvi.

Kuna mvutano mwingine ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Mvuke wa maji uliomo ndani ya mashine huacha mistari myembamba mingi kati ya 1300 na 1900, palepale penye vilele vya besi, na dawa yake ni kupuliza naitrojeni kavu. Lakini utando unahitaji unyevu. Mashine ninayoitumia imetenganisha vizuri njia ya mwanga na sehemu ya sampuli, na hilo naliona kuwa na thamani kuliko programu yake yote. Kuhusu programu, zimeni urekebishaji wa msingi (kunyoosha mstari wa chini wa grafu) unaofanyika wenyewe, kwa sababu humeza vilele vidogo vya 835 na 860.

Kwa mimumunyo, almasi haitoshi, nami hutumia seli ya kupitisha mwanga. Katika maji ya kawaida unene wa seli unapaswa kuwa mikromita chache tu. Maji mazito (yenye deuteri badala ya hidrojeni ya kawaida) huruhusu seli nene zaidi na kusafisha eneo la besi, lakini yenyewe hufyonza karibu na 1210, juu kabisa ya fosfati, hivyo sampuli huandaliwa kwa namna zote mbili. Seli iliyokuja na mashine ilikuwa na madirisha ya kalsiamu floridi, ambayo huziba mwanga kuanzia karibu na 1000 kushuka chini, na hapo alama za sukari hupotea zote. Ilibidi kununua ya zinki selenidi.

Umbo Z, lile linalojisokota kwenda kushoto, nimelipata kwa DNA yenye guanini na sitosini zinazopokezana, katika chumvi nyingi. Kilele cha karibu 1355 kilikuwa bayana kabisa, dalili kwamba guanini imegeuka upande wa pili wa sukari yake.

Naipa mashine nyota nne kati ya tano, na chemba mbili. Atakayejaribu kupata umbo A kwa chumvi ya lithiamu ya DNA asikimbilie kuita fundi: lithiamu huuzuia msokoto kuingia katika umbo hilo hata utando ukikauka, na alama za 860 na 805 hazitatokea kwa mashine yoyote.