Vidonge vya glukosi vya kutafuna: dawa nzuri, kifuniko kibovu

Natumia insulini na kazi yangu ni umeme wa majumbani, kwa hiyo sukari ikishuka nikiwa juu ya ngazi sina muda wa kupekua begi. Kichupa hiki kinaingia mfuko wa shati. Hilo pekee limenifanya niachane na soda zilizokuwa zikipata moto pamoja na koleo na nyaya.

Kila kidonge kina gramu 4 za glukosi. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya miligramu 70 kwa desilita ya damu (au 3.9 kwa wanaotumia milimoli kwa lita), nashuka, nakaa chini, natafuna vinne, nasubiri dakika 15, napima tena. Kama bado, narudia. Chokoleti haifikii kasi hiyo, maana mafuta yake huichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ladha? Chaki iliyotiwa chungwa. Lakini nani anajali ladha huku jasho jembamba linamtoka na magoti yanacheza!

Lawama yangu ni kifuniko. Kinabana mno, na mikono inayotetemeka haikiwezi, hivyo hukilegeza kabisa kabla sijaanza kazi. Halafu vidonge vinaacha unga vidoleni: nawa kwanza ndipo ujitoboe, la sivyo mashine itapima sukari ya kidole, si ya damu.

Wenzangu wanajua kichupa kilipo. Nimewaambia pia kwamba wakinikuta nimezimia wasinitie chochote mdomoni, waite msaada wa dharura mara moja. Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka wabadilishe kifuniko.