Dirhamu ya mwaka 286 Hijria niliyoinunua mtandaoni: uzoefu wangu

Nimekaa nayo miezi minne, kwa hiyo hasira zimeshapoa na ninaweza kuandika. Nililipa euro 60, posta mbali, kwa dirhamu hii, sarafu ya fedha ya Waislamu wa zamani, ambayo tangazo liliiita "sarafu ya Waviking, Samarkand, imeharibika". (Waviking ni wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, Samarkand ni mji wa Asia ya Kati.) Ya Waviking siyo, ya Samarkand siyo, na hilo la kuharibika nitalifikia.

Ilifika Mombasa baada ya wiki tano, imetiwa kwenye kibahasha cha plastiki, bila hata kijikaratasi cha maelezo. Ni pana kama shilingi ishirini yetu, lakini nyembamba hata unaogopa itajikunja vidoleni. Maandishi ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, herufi hazina nukta, kwa hiyo ba na ta na nun zote sura moja. Mimi nimesoma chuo miaka sita utotoni na bado ilinila jioni mbili. Katikati ni shahada, hiyo haina shida. Ukingo wa nje ndio ulionigomea, mpaka nikalinasa neno "yafrahu", na hapo mdomo ukaendelea wenyewe: wa yaumaidhin yafrahul muuminun, bi nasri Llah. Surat Rum, ndani ya Qur'ani! Nikacheka peke yangu mezani.

Ukingo wa ndani unasema dirhamu hii imepigwa Ash-Shash mwaka 286, sawa na 899 Miladi. Ash-Shash ndiyo Tashkent ya leo, Uzbekistan. Nyuma yake kuna jina la khalifa al-Mu'tadid, na chini ya hilo Ismail bin Ahmad, amiri wa Wasamani, nasaba iliyotawala huko Asia ya Kati. Nilimwandikia muuzaji, akarekebisha jina la mji kwenye tangazo lake. Pesa hakurudisha hata senti, nami sikumdai.

Kuhusu Waviking: wao waliitumia tu. Mfalme Olof Skötkonung wa Sweden alianza kupiga sarafu zake Sigtuna karibu na mwaka 995, karne nzima baada ya hii yangu. Kabla ya hapo walichotaka ni madini. Misafara ilipeleka dirhamu hadi Bulgar, kwenye mto Volga, na Warus, yaani Waviking wa upande wa mashariki, wakateremka na ngozi za manyoya na watu wa kuuza. (Biashara ya watu, sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa.) Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa aliyewaona mwaka 922, anasema mwanamume akifikisha dirhamu 10,000 humtengenezea mkewe pambo la shingoni, zikiongezeka 10,000 nyingine humwongeza la pili. Kwa uzito wa hii yangu, hizo ni kama kilo 28 za fedha kwa pambo moja. Maneno yaliyoandikwa juu yake hawakuyajali. Waliikata vipande, wakapima kwa mizani ndogo za kukunja, wakalipana. Sisi neno "fedha" tunalitumia kwa madini na kwa pesa. Kwao vilikuwa kitu kimoja kwelikweli.

Sasa huko "kuharibika". Ukingoni kuna chanjo tatu ndogo, na juu ya jina la Ismail kuna kama kidonda cha ncha ya kisu. Niliipeleka kwa sonara mmoja Mji wa Kale, mzee wa Kipemba. Nilipomwamkia tu, macho yake yalikuwa tayari mkononi mwangu.

"Umeitoa Mtambwe hii, mwanangu?"

Nikamwambia hapana, ingawa swali lake lina mantiki: Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, kulifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984. Akaiweka kwenye mizani, gramu 2.84. Kisha akapitisha ukucha juu ya zile chanjo, taratibu.

"Haijaharibika. Imejaribiwa. Mimi huchuna kwa tupa nione kama ndani ni shaba, huyu alitumia kisu."

Ndivyo ilivyokuwa. Wafanyabiashara wa kaskazini walizichoma kwa ncha ya kisu na kuzikunja sarafu ili wajue hawakudanganywa, na dirhamu nyingi za maficho ya Skandinavia zina alama za namna hii. Muuzaji amepunguza bei kwa sababu ya kile ambacho mimi ningekilipia zaidi.

Lakini hapo hapo ndipo ninapopunguza nyota. Ikiwa alama ni za kaskazini, nani aliichimbua, wapi? Gotland peke yake, kisiwa cha Sweden, pale Spillings, mwaka 1999 zilipatikana kilo 67 za fedha, zikiwemo sarafu 14,295, nyingi zikiwa dirhamu. Sheria ya Sweden inataka fedha ya namna hiyo ipelekwe serikalini, na huruhusiwi kutembea na kifaa cha kusaka madini bila kibali. Nilimwuliza muuzaji karatasi za asili yake, akajibu maneno matatu tu: "mkusanyo wa zamani". Nilipaswa kuuliza kabla ya kulipa. Kosa hilo ni langu.

Nyota tatu kati ya tano: mbili za sarafu, moja ya muuzaji kujibu barua. Ukinunua, omba picha za pande zote mbili na uzito kwa gramu, na usikubali wakuoshee. Weusi wake uache. Mimi natafuta nusu-dirhamu, ile iliyokatwa kwa patasi, yenye karatasi zake safari hii. Sonara ameshasema nimletee aione kwanza.